Kila Januari Nakwama Walawi: Maswali Yenu Kuhusu Malezi ya Kiroho

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinauliza mambo yale yale: nifanye nini, saa ngapi, kwa kiasi gani, na mbona kila nikianza naacha? Tumechagua nane na kuzifupisha. Wasomaji wetu ni wa madhehebu mbalimbali, kwa hiyo tumejibu mambo ambayo Mkatoliki wa jumuiya ndogondogo ya Kariobangi anaweza kuyafanya, na Mpentekoste wa Kasarani vilevile.

Bwana asifiwe. Kila mwaka mpya naanza kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Mwanzo naimaliza vizuri, Kutoka naenda hadi Musa anapopewa amri, halafu nazama. Walawi sijawahi kuivuka. Mwaka huu ni wa nne. Je, sina kiu ya Neno? – Karani, Buruburu

Kiu unayo, ndugu. Asiye na kiu hajaribu mara nne. Kasoro iko kwenye hesabu. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40. Anayefuata ratiba hiyo anafika kwenye maelezo ya hema, kuanzia Kutoka 25, kama tarehe 23 Januari, na Walawi inampokea tarehe 28. Hayo ndiyo majuma ya karo za shule, mshahara wa Desemba ulishaisha zamani, na Wanairobi hawakuuita mwezi huo Njaanuari bure. Katika hali hiyo mtu anakutana na vipimo vya mapazia na mafuta ya figo za ng'ombe. Wengi hujikwaa papo hapo, na wanadhani wameanguka peke yao.

Badilisha mlango wa kuingilia. Anza na Marko, Injili fupi kuliko zote, sura 16. Kwanza isikilize yote kwa mkupuo katika Biblia ya sauti Jumapili moja mchana. Ni kama saa moja na nusu. Utashangaa jinsi habari inavyokwenda mbio. Kisha irudie sura moja kwa siku, siku tano kwa juma. Ukimaliza, endelea na Agano Jipya lililobaki kwa mwendo huo huo. Agano Jipya lina sura 260, na siku tano kwa majuma 52 ni 260 kamili. Jumamosi na Jumapili ziache wazi: ndizo akiba ya siku ulizokosa.

Ukikosa siku mbili, zilipe mwisho wa juma. Ukikosa zaidi ya tano, usilipe kabisa. Ruka uende kwenye sura ya leo. Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Mtu anasoma sura 14 Jumamosi usiku ili afute deni, hakumbuki hata moja, na Jumatatu akiiona Biblia moyo unamchoka.

Namna ya kusoma: sura mara mbili, ya pili kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona. Sauti inapunguza kasi na kuyalazimisha macho yapite juu ya kila neno. Halafu andika sentensi moja, moja tu, katika daftari la kurasa 48. Sentensi hiyo iseme sura imekuonyesha nini juu ya Mungu au imekutaka wewe ufanye nini leo. Isiwe mahubiri ya jirani. Tunalisisitiza hili kwa sababu ugonjwa umeenea: mtu anafungua Biblia akitafuta mstari wa kuweka kwenye status ya WhatsApp. Huyo anasoma kwa niaba ya wengine, na yeye mwenyewe anabaki na njaa.

Kuhusu tafsiri, Union Version ya 1952 ndiyo inayosomwa kwa sauti makanisani, kwa hiyo ndiyo nzuri ya kukariri. Lakini Kiswahili chake kina maneno ambayo kijana wa Nairobi hakuyasikia nyumbani. Paulo anapomwambia Timotheo "ujizoeze kupata utauwa" (1 Timotheo 4:7), wengi hupita bila kujua kwamba utauwa ni uchaji, yaani maisha ya kumcha Mungu. Weka tafsiri ya Habari Njema kando yake kwa ajili ya kuelewa. Si kosa kuwa na mbili.

Na Walawi? Mwaka wa pili, isome pamoja na Waebrania. Soma Walawi 16, siku ya upatanisho, na jioni yake Waebrania 9. Soma Walawi 19 polepole, utakuta amri ya kumpenda jirani imekaa katikati ya sheria za mizani ya haki na mshahara wa kibarua usiolala kwako hadi asubuhi. Mwenye duka na mwenye mfanyakazi wa ndani wana kazi ya kutosha katika sura hiyo moja.

Natoka Githurai saa kumi na moja kasoro robo alfajiri ili nisikwame Thika Road, narudi saa mbili usiku. Tumefundishwa kwamba mwanafunzi wa kweli wa Yesu huamka saa kumi kuomba. Nikijaribu, nasinzia magotini. – Fundi wa nguo

Ni kweli kwamba Yesu aliamka alfajiri sana akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35). Ila sura tatu mbele yupo chomboni, dhoruba inavuma, naye amelala juu ya mto. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, na Biblia haisemi kwamba mojawapo ilikuwa usiku wa manane. Saa haikuamriwa. Kinachohitajika ni mahali maalumu katika siku, pasipohamahama.

Njia ya kupata mahali hapo ni kuifunga sala kwenye kitendo ambacho tayari hukikosi. "Nitaomba asubuhi" ni nia tu. "Nikishapiga mswaki, kabla sijagusa simu, nasimama dakika tano" ni mpango. Simama, usipige magoti. Kwa mtu aliyelala saa tano, magoti na kitanda ni jirani. Dakika tano zinatosha kwa Baba Yetu polepole, kuitaja siku iliyo mbele (kazi hii, mteja yule, deni lile), na kunyamaza kidogo.

Ndani ya matatu una dakika 40 au zaidi, lakini tusidanganyane, muziki ukiwa juu hakuna tafakari. Hapo fanya kazi ya kukariri. Kata kadi ndogo ya karatasi ngumu, andika mstari mmoja upande huu na mahali unapopatikana upande wa pili. Taja kitabu, sura na mstari kabla na baada ya kuusema, la sivyo utaujua mstari na usijue unakaa wapi. Rudia siku ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba, ya 14 na ya 30. Mstari mmoja kwa juma unatosha. Wanaochukua mitatu hupoteza yote kufikia Machi, kwa kuwa marudio ya zamani yanagongana na mapya. Kadi ina faida nyingine: ukikaa dirishani kwenye foleni hakuna atakayeinyakua, jambo ambalo huwezi kusema juu ya simu.

Mchana, kama duka lako liko katikati ya jiji, makanisa kadhaa yana ibada ya saa ya chakula. Hata benchi la bustani ya Jeevanjee linafaa kwa dakika kumi, ukijua kukaa mbali na wahubiri wa vipaza sauti. Usiku usijipe mzigo. Unaamka saa kumi; ulale mapema. Zaburi 127:2 inawasema wanaochelewa kulala na kula chakula cha taabu, na haiwasifu.

Mfungo wa kanisa letu unakaribia, siku 21. Nina vidonda vya tumbo, mke wangu ana kisukari. Tukiacha, tunaonekana hatuna imani. Tufungeje? – Mzee wa kanisa, Dagoretti

Mzee wetu, shikamoo. Tuanze na mkeo. Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hapaswi kuacha kula bila daktari wake kumpangia, kwa sababu dawa inaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Kutetemeka, jasho la ghafla na kuchanganyikiwa ni dalili ya sukari kushuka. Hapo apewe kitu kitamu mara moja, mfungo uishie hapo. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na wanaomeza dawa zinazotaka chakula nao wasifunge chakula. Vidonda vyako vinakuweka kwenye kundi hilo hilo. Hakuna mstari unaosema imani hupimwa kwa tumbo.

Mnayo njia, nayo ni ya Biblia. Katika Danieli 10:3 nabii aliomboleza majuma matatu, yaani siku zile zile 21, kwa kuacha chakula kitamu, nyama na divai. Aliendelea kula. Ninyi acheni nyama, soda, maandazi na sukari ya chai, au televisheni ya jioni, mle milo yenu ya kawaida kwa saa zake. Mkeo aendelee kupima sukari kama kawaida, maana hata kubadilisha aina ya chakula huihamisha.

Kwa walio wazima, makosa tunayoyaona ni matatu. La kwanza ni kuanza na kikubwa. Mtu ambaye hajawahi kuruka mlo hata mmoja anaingia siku tatu kavu. Anza na chakula cha mchana, siku moja kwa juma, kwa mwezi mzima. Mwezi wa pili nenda kutoka chakula cha jioni hadi chakula cha jioni: ni saa 24, milo miwili tu inakosekana. Waraka wa kale uitwao Didache, sura ya 8, unaonyesha Wakristo wa mwanzo wakifunga Jumatano na Ijumaa. Siku isiyobadilika ina nguvu kuliko siku nyingi za ghafla.

La pili ni kukata maji. Mfungo wa Esta wa siku tatu bila kula wala kunywa ulikuwa wa dharura ya taifa lililohukumiwa kufa. Haukuwa desturi ya kila mwezi. Kunywa maji, lita mbili hivi kwa siku, kidogo kidogo. Yale maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza, ambayo wengine huyaita vita vya kiroho, mara nyingi ni chai na kahawa zinazodaiwa na mwili. Zipunguze siku tatu kabla, kikombe hadi kikombe, na vita hivyo vitaisha kimya kimya.

La tatu ni kufungulia kwa pupa. Mtu anatoka mfungo wa siku nzima moja kwa moja kwenye chapati na nyama ya kukaanga, kisha analala akijikunja. Anza na uji mwepesi au papai, ngoja saa moja, ndipo ule chakula kidogo.

Na ule muda wa mlo uliokosekana una wenyewe. Ukiacha chakula cha mchana na ukaendelea kufanya kazi, umejinyima tu. Zile dakika 30 ziende kwenye sala. Na pesa? Isaya 58 inasema mfungo alioupenda Bwana ni pamoja na kumgawia mwenye njaa mkate wako. Kama kibandani unalipa shilingi 150, Ijumaa nne ni shilingi 600. Mpe mtu unayemjua, kabla mwezi haujaisha, bila kupiga picha.

Mimi ni mlinzi, zamu ya usiku, saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Ibada zote zimepangwa kwa watu wa mchana. – Mlinzi, Kilimani

Zaburi 134 iliandikwa kwa ajili ya watu wa zamu yako: watumishi wa Bwana wanaosimama usiku. Ina mistari mitatu. Ikariri juma hili. Kisha 121, yule akulindaye hasinzii, na 130, nafsi inayomngoja Bwana kuliko walinzi waingojao asubuhi. Zote mbili zina mistari minane. Ukiwa nazo tatu kichwani huhitaji taa wala simu, na macho yanabaki langoni, kazi uliyoajiriwa.

Gawanya usiku kwa mizunguko yako. Mzunguko wa kwanza, shukrani. Wa saa sita, waombee waliolala katika nyumba unazozilinda, kwa majina kama unawajua. Wa saa kumi, zaburi. "Asubuhi" yako ni unapoamka, hata ikiwa saa nane mchana. Dakika tano zile tulizomwambia fundi ziweke hapo. Jumapili ukitoka zamu usijikokote ibada ya kwanza ulale mpaka mhubiri akuone. Lala kwa muda wa saa nne, kisha nenda ile ya mchana. Na kama kampuni haikupi siku ya kupumzika hata moja kwa juma, hilo ni jambo la haki kabla halijawa la ibada. Sheria ya kazi ya Kenya inaitaja siku hiyo.

Nimeokoka miaka tisa. Nasoma, naomba, kesha sikosi. Lakini nyumbani nafoka hadi watoto wakisikia lango wanakimbilia chumbani. Hizi nidhamu hazifanyi kazi? – Baba wa watatu, Ruaka

Asante kwa kuandika bila kujificha. Miguu ya watoto wako inapima vizuri kuliko daftari lolote.

Tazama orodha yako: kusoma, kuomba, kesha. Zote ni za kupokea. Hakuna hata moja inayoigusa hasira moja kwa moja. Hasira pia haishindwi wakati imeshapanda, hapo umechelewa. Inashindwa saa mbili kabla, katika mambo yanayoonekana hayahusiani nayo.

Kwa majuma mawili fanya tathmini ya usiku, dakika kumi, umekaa kwenye kiti, si kitandani. Ignatius wa Loyola aliifundisha katika karne ya 16 kwa hatua tano, na haijazeeka: shukuru kwa mambo mahususi ya leo, omba nuru uone, ipitie siku saa kwa saa, tubu palipo na kosa, tazama kesho na uchague jambo moja. Wanaoanza na makosa na kuruka shukrani huishia kujihukumu kila usiku, na baada ya siku sita wanaacha. Shukrani iwe ya kwanza, na itaje vitu vyenye umbo: mvua iliyongoja ufike nyumbani, chai ya mwenzako kazini.

Penye kufoka, andika mambo manne: saa, mahali, kilichotangulia, na kama ulikuwa na njaa. Baada ya siku 14 mchoro utatokea. Kwa wengi ni ile nusu saa ya kwanza baada ya kuingia nyumbani, mtu amekaa kwenye foleni saa moja na nusu, tumbo tupu, simu ya bosi bado inawaka. Sasa una mahali pa kuweka zoezi. Kula ndizi kabla ya kufika. Simama nje ya lango dakika tatu, simu imezimwa, uwaombee watoto mmoja mmoja kwa jina. Ukiingia, kwa dakika 15 usimsahihishe mtu yeyote: viatu vilivyotupwa, daftari lililochanika, vyote vingoje.

Ongeza zoezi la kushindwa kwa hiari. Mara moja kwa siku mpe mwingine njia barabarani, au chagua foleni ndefu dukani, au acha mabishano bila kusema neno la mwisho. Ni mambo madogo, na ndiyo maana yanafaa. Hasira hula kwenye mkono wa ile imani kwamba mambo lazima yaende nitakavyo mimi, na zoezi hili linaunyima chakula.

Ukifoka tena, na utafoka, muombe mtoto msamaha siku hiyo hiyo. "Nilikufokea. Nilikosa. Nisamehe." Neno "lakini" lisifuate. Kama kuna kupigana pia, usiishie kwenye zoezi. Tafuta mshauri juma hili, na mkeo awe na mahali salama pa kwenda.

Ushirika wetu wa nyumbani hapa Umoja ulianza watu 12 wa kusoma Neno. Sasa ni chama cha kuzungushiana pesa, chai, na habari za watu. Tuurudishe vipi? – Katibu

Chama si dhambi; kihamishieni siku nyingine. Pesa na Neno zikikaa meza moja, pesa ndizo huzungumza. Chai nayo ije mwisho.

Kumi na wawili ni wengi kwa kusema ukweli. Gawanyikeni katika vikundi vya watu wanne, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, dakika 75, saa ya kumaliza ikijulikana. Kwa mpangilio, zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambazo jumuiya nyingi za Kikatoliki huzitumia, zinawafaa hata wasio Wakatoliki. Mkaribisheni Bwana kwa sala. Someni fungu. Kila mtu ataje neno au kifungu kilichomgusa, bila maelezo, akilirudia polepole. Nyamazeni dakika chache. Shirikianeni mlichosikia. Zungumzeni kazi ambayo mnapaswa kuifanya. Malizeni kwa sala za hiari. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiharibu kwa kugeuza kila neno kuwa mahubiri. Kiongozi akate kwa upole. Ya sita ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo kikundi kinakuwa cha maneno: nani atamtembelea yule mgonjwa wa jengo B, na siku gani?

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao watu huukumbuka kwa mkutano wa Simeoni Nsibambi na Joe Church pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ulijengwa juu ya kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Walokole, yaani waumini wa uamsho huo, walikiri dhambi zao kwa majina yake. Huo ni urithi wetu, na una hatari yake: kukiri mbele ya umati kunaweza kuwa maonyesho, au kumvua nguo mwenzako ambaye hakuomba. Kwa hiyo wekeni kanuni moja: kila mtu aseme habari zake mwenyewe. Sentensi inayoanza "tumwombee dada fulani, mnajua mumewe..." ikomeshwe kabla ya nukta.

Siri itunzwe, ila ina mpaka. Mtoto akiwa anaumizwa, hiyo si siri ya ushirika. Nambari 116 ni ya bure kwa kuripoti.

Naomba lakini ni kama naongea na ukuta. Miezi minne sasa. – Mwanafunzi wa chuo, Juja

Swali la kwanza halitakuwa la kiroho: unalala? Unakula? Kama huzuni imekukaa kila siku zaidi ya majuma mawili, usingizi umeharibika na mambo uliyoyapenda hayana ladha, nenda zahanati ya chuo umwone mshauri. Fanya hivyo huku ukiomba. Moja haliondoi lingine. Na mawazo ya kujidhuru yakija, usingoje miadi. Mwambie mtu leo.

Kama mwili uko sawa, basi acha kutunga maneno kwa muda. Azima ya wengine. Zaburi zote 150 ukizigawa tano kwa siku zinaisha kwa mwezi mmoja, na kati yake kuna nyingi za mtu aliye kama wewe. Ya 13 inaanza kwa "hata lini". Ya 88 inaishia gizani kabisa, haina mstari wa kufariji mwishoni, na bado iko katika kitabu cha sala. Isome kwa sauti. (Ya 119 ina mistari 176, ipe siku yake.)

Au chukua Baba Yetu, ombi moja kwa kila siku ya juma: Jumatatu jina lake, Jumanne ufalme, Jumatano mapenzi yake, Alhamisi mkate, Ijumaa deni, Jumamosi majaribu, Jumapili yule mwovu. Siku nzima unabaki na ombi hilo moja, ukilirudia unapovuka barabara au unaposubiri mhadhara.

Usiongeze muda ukitumaini hisia zitakuja. Dakika kumi na tano, saa ile ile, ondoka zikiisha hata kama hukuhisi kitu. Na usipime sala kwa dakika zile. Pima kwa jinsi ulivyomjibu mwenzako wa chumba jioni.

Naishi Pipeline, chumba kimoja, watoto wawili. Yesu alisema ingia chumbani ufunge mlango. Mlango wangu ni pazia. – Mama Pipeline

Mama, neno la Kigiriki katika Mathayo 6:6 ni tameion, yaani ghala au stoo ya ndani. Aliokuwa akiwaambia wengi wao walikuwa watu wa nyumba ndogo pia. Alichokataa ni kuomba ili uonekane.

Stoo yako ni juu ya paa, pale pa kuanikia nguo. Unapanda huko kila siku hata hivyo. Anika, kisha dakika tano ni zako. Siku za mvua, ni wakati watoto wamelala na sufuria ya maharage iko jikoni. Mstari mmoja uliobandikwa ukutani juu ya jiko unatosha. Watoto wapewe sehemu yao wakati wa chakula cha jioni, dakika nne zisizidi: mmoja ataje kitu cha kushukuru, mwingine mtu wa kuombewa, wimbo ubeti mmoja, mle. Wakicheka katikati, endeleeni.

Na yule mkubwa akiuliza mbona mama amekawia juu na nguo zilishaanikwa, mwambie ukweli: naongea na Mungu, nashuka sasa hivi.